Sauti ya Juu

Klarineti ilisikika kabla Shemdoe hajafika mlangoni mwa ukumbi. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, na sauti ile ya juu kabisa, iliyoijazia bendi yake kumbi miaka ishirini, ilipanda laini kama moshi, ikatulia huko huko.

Aliingia. Kiluwa, mpulizaji anayekaa nyuma yake jukwaani, alishusha klarineti haraka.

"Umeshanizika, Kiluwa?"

"Hapana, Chifu. Nafanya mazoezi ya Jumamosi."

"Jumamosi napuliza mimi."

Kiluwa akatazama sakafu. "Unapuliza, Chifu. Ila tangu ung'olewe meno ya mbele, ukifika pale juu inatoka hewa tupu. Tarumbeta zinapandisha kelele, mimi napuliza nyuma yako. Tulikubaliana tusikwambie."

Shemdoe alikumbuka makofi ya wiki iliyopita, na alivyoinama mara tatu kuyapokea, akijisifu moyoni kwamba uzee unamwogopa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mji mzima, Chifu. Ulibaki wewe tu."

Shemdoe alikaa ukingoni mwa jukwaa. Kisha akainuka, akamshika Kiluwa bega, akamsimamisha mbele, mahali pa kiongozi.

"Jumamosi utasimama hapa, na makofi utayapokea mwenyewe. Mimi nitakaa kiti chako. Na siku pumzi yako itakapokatika, Kiluwa, nakuahidi, nitakwambia hapo hapo, kabla hujavua koti la jukwaani."