Buyu Jekundu

Mara tatu mhandisi Chimwaga aliachia buyu jekundu mtoni, chini kidogo ya lango la bwawa jipya, ili kupima mwendo wa maji, na mara tatu lilifika kwenye mawe ya kufulia baada ya saa moja. Leo lango lilikuwa linafunguliwa kwa mara ya kwanza, naye alisimama mtoni, saa mkononi.

“Fueni tu, mama zangu,” aliwaambia wanawake. “Buyu litaachiwa pamoja na maji. Mkiliona, tokeni.”

“Na maji yakilitangulia?” aliuliza Bi Tunu, aliyekaa juu ya jiwe la katikati akisugua shuka.

Chimwaga alicheka. “Bibi, buyu linabebwa na maji. Mzigo utaachwaje na mchukuzi wake?”

Hata nusu saa haikupita, mto ukanguruma. Chimwaga alitazama juu: buyu hakuna. Alitazama chini: maji yamemfika magotini. Wanawake walipiga mayowe, wakatupa mabeseni, wakaparamia ukingo naye nyuma yao. Hapo ndipo alipokumbuka: wimbi hukimbia kasi kuliko maji yenyewe, na kuliko chochote kinachoelea juu yake. Alilisoma hilo chuoni. Aliulizwa kwenye mtihani, akapata alama zote.

“Jamani, Bi Tunu yuko wapi?” aliuliza mmoja wa wanawake.

Wote waligeukia mto. Jiwe la katikati lilikuwa halionekani tena.

Kisha, kwenye kona ya mto, buyu jekundu likatokeza. Lilikuja bila haraka, likijizungusha, likapita juu ya pale palipokuwa na jiwe.