Kipande Kilichobaki kwa Mama

"Fundi, ukinichubua rangi leo hatutaelewana," mnunuzi wa kokoa alisema, ameegemea ukuta wa gereji na soda yake.

"Haichubuki, bosi," Kenani alijibu.

Alikuwa akibandua vikinga mvua vya plastiki juu ya vioo vya milango ya gari la mnunuzi. Gundi aliilainisha kwa kitambaa cha maji moto, akapitisha uzi wa kuvulia kwa nyuma, kisha akakwangua mabaki kwa kipande cheusi cha plastiki. Kisu huchuna rangi. Kipande kile hakijawahi.

Kilibaki kiganjani mwa mama yake, kule kijijini Bujonde, siku kaka yake Kenani alipokamatwa na kutiwa garini kwa maneno aliyosema kwenye mkutano wa bei ya kokoa. Mama aling'ang'ania dirisha mpaka gari likamkokota. Toka siku hiyo, kila ofisi ilimwambia hapakuwa na gari. Alikufa wakimwambia hivyo.

Kikinga cha mwisho, cha mlango wa nyuma, kilikuwa kimemeguka pembeni. Kenani alipeleka kipande chake akwangue hapo. Kikateleza kikaingia kwenye pengo, kikakaa kama jino lililorudi kwenye fizi.

Akakiacha hapo.

"Bosi, hii gari ulinunua kwa nani?"

"Kwa nani tena? Yangu tangu mpya. Sijawahi kumwazima mtu, hata siku moja."

"Ndaga, bosi," Kenani alisema, kama mtu anayeshukuru.

Akaenda kufunga geti kwa ndani.