Picha ya Kumtumia Mchumba

Mchumba alisema simu yake ni ya zamani, picha nzito haziingii. Basi Bi Mwanahamisi, mjane, akaipeleka picha yake kwa Shomari, fundi wa picha. Shomari akaipunguza uzito kwa ustadi aliojivunia: hata kope moja haikupotea.

"Na makunyanzi yote yamo!" Bi Mwanahamisi akang'aka. "Punguza tena, mwanangu."

"Bibi, sura itaharibika."

"Yangu au yako?"

Shomari akapunguza, akapunguza, hadi mashavu yakawa laini kama yai na pua ikawa ya kukisia tu. Bibi akatabasamu. Wakaituma.

Mchumba naye akajibu kwa picha yake. Bi Mwanahamisi akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, kisha mbali.

"Shomari," akanong'ona, "huyu pua yake iko wapi?"