Turbo ya Kwanza Ilomba

Mama mmoja asiyemfahamu alimkuta fundi Tusajigwe gereji, Ilomba, akikaza bolti ya mwisho ya turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu na kasi, kwenye kigari chekundu cha milango miwili.

"Fundi, gari hilo ni la mwanangu. Nimetoka Igowole kwa ajili yake. Kaka yake alikufa kwa mwendo kasi, nimebaki na huyu tu. Nakuomba umwambie turbo imekushinda."

Tusajigwe aliitazama kazi yake. Pale gereji hakuna aliyewahi kufunga turbo, na wenzake walikuwa wakimcheka kwa kujaribu. Mama akaushika mkono wake wenye grisi kwa mikono yote miwili, hakuuachia mpaka aliposikia, "Haya mama, naahidi."

Mama alipoondoka, akaifungua turbo, bolti moja baada ya nyingine.

Jioni kijana akafika. Mafundi wakasogea.

"Vipi fundi, sasa linapaa? Kama umechemka sema tu, kuna jamaa wa Ipogolo, kule Iringa, kesho ananifungia."

Tusajigwe akajifuta grisi kidole kimoja kimoja, taratibu. Alijua turbo itafungwa tu, kwa mkono wa fundi mwingine.

"Imenishinda," akasema, na gereji nzima ikaangua kicheko.