Kidoti wa Mama

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, umande umeganda juu ya majani na pumzi za ng'ombe zinafuka kama moshi. Senkondo alimshika mama yake mkono, wakalizunguka zizi polepole. Bi Nakundwa alikuwa hajatoka nje tangu macho yake yalipoingia giza, lakini siku hiyo aling'ang'ania. "Nipeleke kwa Kidoti wangu."

Kidoti, ng'ombe wa mama, hakuwepo tena. Majuzi Senkondo alirudi kutoka kilabuni amelewa, akalala bila kufunga zizi. Ng'ombe yule akatoka, akanasa kwenye tope la bwawa, akafia humo kwa baridi. Senkondo alimzika kimyakimya, mama asijue.

"Huyu hapa, mama," alisema, akamsimamisha mbele ya ng'ombe mwingine.

Bi Nakundwa alimpapasa mnyama yule usoni, akashuka shingoni, kisha akarudi kwenye pembe, ambazo hazikuwa za Kidoti, na mkono ukatulia hapo. Senkondo aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto katika baridi yote ile.

"Aliteseka?" mama aliuliza.

"Aliteseka, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyelewa nikaacha zizi wazi."

Mama alivua shuka lake mabegani, akalitandaza juu ya mgongo wa ng'ombe yule asiyemjua, akawa analivutavuta lienee. Senkondo alitaka kumsaidia, lakini mkono wake uliishia hewani.