Kidonge Kabla ya Chai

Asubuhi ya Jumanne, tarehe nne Machi, mwaka 2025, binti alisimama jikoni, akaweka kidonge chekundu juu ya ulimi, akanywa maji, kisha akafungua kinywa wazi ili mama yake aone kwamba kimepita.

"Kimekwenda," alisema.

Mama aliiacha chai ikafurika. Alivitambua vidonge vile kwa rangi tu: vya kupunguza unene, vinavyouzwa dukani bila cheti cha daktari.

"Umevipata wapi?"

"Wanakovipata wengine."

"Wewe upunguze nini? Ukigeuka upande huonekani!"

"Mwili ni wangu, mama."

"Mwili ni wako, uchungu wa kuuzaa ulikuwa wangu."

Binti alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Mwishoni mwa mwezi ule kungekuwa na mchujo alioungoja tangu shuleni, na washindi wangechukuliwa na klabu kubwa. Kwa mkimbiaji, moyo ndio mtaji. Mama alilijua hilo.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Aliuza magauni katika duka ambalo mmiliki alikuwa na utaratibu wake: wauzaji huvaa nguo mpya za dukani na kusimama mbele, wateja wakachagua kwa kuwatazama. Muuzaji ambaye zipu imemgomea hupelekwa stoo kukunja nguo. Mama alikuwa amekaa stoo muda mrefu. Tangu mwaka uanze alikuwa amerudishwa mbele, na wenzake hawakuacha kumpongeza.

Asubuhi zilizofuata zilikwenda vilevile. Binti alimngoja mama atoke chumbani akiwa amevaa tayari kwa kazi. Hakuwahi kutangulia. Mama alipoingia tu jikoni, kidonge kilikwenda, na kinywa kilifunguliwa wazi.

Jioni moja mama aliketi na karatasi ya maelezo ya dawa, iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Sikiliza madhara," alisema, akasoma polepole. "Moyo kwenda mbio. Kukosa usingizi. Kinywa kukauka. Kizunguzungu. Tumbo kuvurugika."

"Soma na faida, mama. Usinipunje."

"Njaa hupungua. Uzito hupungua kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo, tena kama mtu anajinyima na chakula."

"Na akiviacha?"

"Unene unarudi," mama alijibu bila kuitazama karatasi.

"Basi pima mwenyewe. Moyo upande huu, zipu upande ule. Kipi kizito?"

"Moyo! Swali gani hilo?"

"Nashukuru umelijibu," binti alisema, akaenda kulala.

Mama alimwita mdogo wake, mwanamke wa maneno mengi ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa mzaha. Mama mdogo alifika, akamzunguka binti kama mtu anayekagua nguzo.

"Mwanangu, ukikonda tena kidogo tutakutafuta kwa tochi. Nani kakudanganya? Kuna mwanaume?"

"Hakuna, mama mdogo."

"Bora angekuwapo, tungemtukana yeye tukamaliza. Dada, sema na wewe! Mbona mkono unatetemeka hivyo? Chai yote iko kwenye kisahani."

"Hasira," mama alijibu.

"Na chakula hujagusa."

"Nimekula kazini. Tumekaa kuzungumza habari zangu au zake?"

Binti aliwatazama wote wawili, akatabasamu. Mama mdogo aliondoka akilalamika kwamba hajawahi kuona mtoto mwenye kichwa kigumu namna ile.

Wiki iliyofuata kocha alimrudisha binti nyumbani kabla ya mazoezi kwisha. Alikuwa amemshika bega, na sura yake haikuwa na utani.

"Mama, amekaa chini ya kivuli kwa muda mrefu, na bado moyo wake unadunda kama wa mtu anayekimbizwa. Sijui anatumia nini, naye hasemi. Hali ikiwa hivi kesho, jina lake nalitoa kwenye mchujo. Siwezi kumzika mtoto wa watu kwa ajili ya medali."

Kesho yake mama hakwenda mbio jikoni. Alitoka chumbani taratibu, amevaa gauni la dukani, jipya, lililomkaa vizuri. Binti alikuwa mahali pake, bilauri mkono mmoja, kidonge mkono wa pili. Midomo ilikuwa imemkauka, na macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

Mama alimshika kifundo cha mkono. Mapigo ya moyo wa mwanawe yalimgonga vidoleni.

"Nakuomba. Nimekufokea, nimekusomea, nimekuletea watu. Sasa nakuomba. Mchujo utaukosa, na mimi nitakukosa wewe. Niambie unachotaka, chochote, nitakupa leo hii."

"Chochote?"

"Chochote, mwanangu."

"Siku ile nilipokukuta umeanguka bafuni, ukaniambia sakafu iliteleza," binti alisema. "Sakafu ilikuwa kavu, mama. Toka siku hiyo, ukimeza chako, nami nameza changu. Ukiacha, naacha. Haya, leo umekwisha kumeza au bado?"

Nawe uliyeisoma hadithi hii hadi hapa, usiishie kumpa binti yako. Mpe na mama yako asome.