Mzigo Unaoishia Gotini

Kombo alikuja na kamba ya kufungia cherehani ya dada yake Sikudhani, aichukue ampe fundi mwingine, kwa sababu miguu ya dada huyo haikuweza tena kusukuma kanyagio.

"Subiri kwanza," Sikudhani alisema. Akamgeukia bintiye Tunu, aliyesomea kazi ya maabara. "Hebu nieleze tena. Ndani ya mishipa yangu ya fahamu kuna wachukuzi?"

"Ni protini, mama. Zinatembea juu ya nyuzi, zimebeba vifuko vya vitu vinavyohitajika huko vidoleni. Zikifika, kimeng'enya kinazigusa, nazo zinatua mzigo."

"Na changu?"

"Chako kina haraka. Kinazigusa njiani, vifuko vinabwagwa gotini, vidole vinabaki na njaa. Dawa uliyoanza inakituliza, lakini polepole."

Kombo akacheka. "Makuli wazima, msimamizi ndiye mpumbavu."

"Kama wewe," Sikudhani akamjibu. "Umekuja kunitua mzigo kabla sijafika."

Kombo hakuiweka kamba chini.

Sikudhani akauinua mguu wa kulia kwa mikono miwili, akauweka juu ya kanyagio. Akatandaza kitambaa chini ya sindano. Gurudumu hakuligusa. Alikitazama kidole gumba cha mguu wake kama mtu anayemngoja mgeni aliyekwisha kuahidi kuja.

Walingoja wote watatu.

Kanyagio likalia kidogo. Sindano ikashuka, ikazama katika kitambaa, ikatulia humo.